Feni Zinazunguka, Skrini Nyeusi: Uanzie Wapi

Ukiwasha kompyuta uliyoiunda kwa mikono yako, feni zikazunguka, taa zikawaka, na skrini ikabaki nyeusi, usinunue kitu chochote siku hiyo. Hata waya usinunue. Nimekaa miaka mingi kwenye benchi ya ukarabati hapa Nairobi, ghorofa ya pili, karibu na Luthuli Avenue, na kila mara mtu hupanda zile ngazi akiwa na mashine iliyogoma na mfuko wa vipuri alivyonunua kwa kubahatisha. RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya pili, pawasaplai ya pili, mara nyingine hata bodi ya pili, yaani ile sahani kubwa ambayo vipande vyote huchomekwa. Akiba ya miezi imekwisha, na shida ilikuwa kichwa kimoja cha waya ambacho hakikuchomekwa hadi mwisho. Inaniuma kila ninapoiona, ndiyo maana nakuandikia wewe unayeanza.

Skrini nyeusi haikuambii ni kitu gani kimeharibika. Picha huja mwisho kabisa. Kwanza pawasaplai hutoa umeme, prosesa, yaani ubongo wa mashine, huamka, RAM hujaribiwa, kadi ya grafiki hutafutwa, ndipo picha itokee. Mambo yakikwama popote njiani, wewe uliye mbele ya monita unaona giza lile lile. Kwa hivyo swali la kuuliza si "nini kimekufa?" bali "imekwama wapi?" Ukilishika swali hilo, utajua pa kushika na pa kuacha.

Tafuta daftari na kalamu. Badilisha kitu kimoja, washa, andika kilichotokea, zima, kisha badilisha kingine. Ukibadilisha viwili kwa pamoja na mashine ikawaka, umepona leo lakini hujajifunza lolote, na ikirudi kugoma wiki ijayo utaanza upya.

Anza nje ya kasha. Monita ina matundu kadhaa, na huenda imewekwa isikilize tundu ambalo hukuchomeka waya. Tumia kitufe chake uchague HDMI au DisplayPort kulingana na waya wako. Chomeka laptopu ya rafiki kwenye monita hiyo, kwa waya huo huo. Picha ikitoka, monita na waya ni wazima, na hutavifikiria tena.

Kisha angalia nyuma ya kasha umechomeka wapi. Hapa nitakaa kidogo, maana wengi hukwama hapa. Matundu ya picha yako mahali pawili: yale ya bodi, huku juu karibu na matundu ya USB, na yale ya kadi ya grafiki, chini kidogo, kwenye safu yake yenyewe. Ukiwa na kadi ya grafiki, waya wa monita huchomekwa kwenye kadi. Na kama huna kadi, jiulize kwanza kama prosesa yako ina uwezo wa kutoa picha. Prosesa za Intel zinazoishia na herufi F, kama i5-12400F, hazina sehemu ya grafiki ndani yake. Ryzen, prosesa za AMD, nyingi za soketi ya AM4 (soketi ni kile kiti cha prosesa kwenye bodi) ni hivyo hivyo: Ryzen 5 3600 na Ryzen 5 5600 hazitoi picha bila kadi, ila zile zenye herufi G, kama 5600G, ndizo zinazotoa. Prosesa za F huwa na bei nafuu kidogo, kwa hivyo anayeanza huzichagua, ananunua kila kitu na kuacha kadi ya grafiki "mpaka mwisho wa mwezi". Mashine hiyo ni nzima kabisa. Haina tu njia ya kukuonyesha kitu. Kijana mmoja kutoka Umoja alishabadilisha RAM mara mbili kabla ya kuniletea mashine ya namna hiyo. Nilichomeka kadi kuukuu ya benchi, picha ikatoka papo hapo, akakaa kwenye kiti bila kusema neno.

Sasa fungua kasha. Zima swichi ya ukutani, chomoa waya wa stima, kisha shika chuma cha kasha ili umeme tuli ulio mwilini mwako uondoke. Miezi ya ukame, Januari na Februari, usilipuuze hilo, hasa ukiwa unafanyia kazi juu ya zulia.

Bodi hupokea umeme kwa njia mbili. Kuna kichwa kikubwa cha pini 24 pembeni, na kuna kidogo cha pini 8, mara nyingi huwa kimegawanyika nne kwa nne, juu kabisa kwenye kona iliyo karibu na prosesa. Hiki cha pili ndicho husahaulika, kwa kuwa hakionekani vizuri kasha likishafungwa na waya wake hupita nyuma. Bila hicho feni huweza kuzunguka na taa za rangi zikawaka vizuri tu, lakini prosesa haina chakula. Mimi mwenyewe, mashine yangu ya kwanza, niliyoiunda kwenye bedsita huko Zimmerman, ililala siku tatu kwa sababu hiyo, na siku ya pili nilikuwa nimeshakopa pesa za bodi nyingine. Jambo moja la hatari: waya wa pini 8 wa kadi ya grafiki unafanana na ule wa prosesa, lakini umeme wake umepangwa kinyume. Wa kadi hugawanyika sita na mbili. Ukikataa kuingia, usiulazimishe.

Kadi ya grafiki nayo, kama ina tundu la umeme juu yake, lazima ipewe waya wake. Ikandamize kwenye sloti mpaka usikie kikufuli kikilia.

Tukija kwenye RAM, hapa ndipo mkono hujifunza kazi. Stiki ya RAM inahitaji nguvu kuliko unavyodhani. Wengi huiogopa na kuiacha nusu imeingia. Pangilia ule mkato wa stiki na ule wa sloti, kisha bonyeza ncha zote mbili kwa vidole gumba mpaka usikie mlio. Bodi yenye sloti nne huwa haitaki uweke popote. Ukiwa na stiki mbili, zikae sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwa prosesa, na kwa kupima tumia stiki moja tu kwenye ile sloti ya pili. Mashine ikigoma, jaribu stiki nyingine mahali pale pale. Ukipata inayowasha na isiyowasha, umemaliza upelelezi bila kulipa mtu. RAM za mtumba, tulizozizoea sana hapa mjini, mara nyingi zinakuwa na uchafu kwenye meno yake ya dhahabu. Pangusa polepole kwa kifutio cheupe cha penseli, ondoa vumbi lake, kisha rudisha.

Na usiwe na haraka. Bodi za RAM za DDR5, kizazi kipya cha RAM, hasa za soketi ya AM5 iliyokuja na Ryzen 7000 mwaka 2022, zikiwashwa mara ya kwanza hukaa zikiipima RAM. Dakika kadhaa skrini ni nyeusi na hakuna ubaya wowote. Ukikatiza kwa kuzima, inaanza upya. Ipe dakika 10 au 15, pika chai.

Wakati unasubiri, tazama bodi yenyewe. Nyingi za siku hizi zina taa nne ndogo pembeni zilizoandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya grafiki) na BOOT (diski ya kuwashia). Huwaka kwa zamu na kuzimika kila hatua inapopita salama. Ile inayobaki imewaka ndiyo mahali mashine imekwama. Bodi isiyo na taa hizo, au ya zamani, nunua ile spika ndogo ya kuchomeka kwenye pini za bodi. Hiyo ni ya bei ya chini sana na mimi naiona kuwa kifaa bora kuliko vyote vya anayeanza. Ondoa RAM yote, chomeka spika, washa. Bodi ikilia kulalamika kwamba haina RAM, hiyo ni habari njema: prosesa imeamka na bodi inafikiri. Ikinyamaza kimya kabisa, shida iko nyuma zaidi, kwenye prosesa, bodi au umeme wake. Kipimo hicho kimoja hukukatia nusu ya kazi. Usikariri milio, maana hutofautiana kutoka kampuni moja hadi nyingine. Tafuta kitabu cha bodi yako.

Ikiwa bado ni giza, toa kila kitu kwenye kasha. Najua inachosha, hasa ukiwa umeshapanga waya zikapendeza. Chukua boksi la karatasi ambalo bodi ilikuja nalo, lilaze mezani, weka bodi juu yake. Ibaki prosesa na kipoza joto chake, stiki moja ya RAM, vile vichwa viwili vya umeme, na kadi ya grafiki ikiwa prosesa haina picha. Usiweke diski wala feni za ziada. Kitufe cha kasha huna, kwa hivyo gusisha pini mbili za PWR_SW, zile ambazo waya wa kitufe cha kuwashia huchomekwa, kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Ikiwaka hapo, kosa liko kwenye kasha: mara nyingi ni kile kijiti cha shaba cha kushikilia bodi kilichobaki mahali pasipo na tundu la skrubu, kikawa kinagusa mgongo wa bodi na kusababisha shoti. Rudisha kimoja kimoja, ukiwasha kila mara.

Usipoona tofauti, futa kumbukumbu ya BIOS, ile programu ndogo iliyo ndani ya bodi inayoiamsha mashine. Chomoa stima, toa ile betri ya mviringo ya CR2032, subiri dakika tano, irudishe. Kama una multimita, ipime: mpya ni voliti 3, na ikisoma 2.5 au chini ya hapo, weka nyingine. Hili husaidia hasa kwa bodi ya mtumba ambayo mwenye zamani aliichezea mipangilio.

Kuna giza jingine linalowachanganya hata mafundi: vipande vyote ni vizima lakini havijuani. Bodi ya B450, aina mojawapo ya bodi za AM4, ilitoka mwaka 2018, na Ryzen za 5000 zilianza kuuzwa mwishoni mwa 2020. Bodi iliyokaa dukani tangu kabla ya hapo haimtambui mgeni huyo mpaka BIOS yake isasishwe. Baadhi zina kitufe nyuma cha kufanya hivyo kwa flashi ya mfumo wa FAT32 hata bila prosesa. Zisizo nacho zitahitaji prosesa ya zamani ya kuazima, na duka lililokuuzia bodi ndilo la kwanza kuombwa. Vivyo hivyo, kadi kongwe kama GeForce 210 huenda isitoe picha kwenye bodi mpya, kwa sababu ilitengenezwa kwa mfumo wa kuwasha wa zamani.

Kuhusu stima yetu. Ni voliti 240. Pawasaplai kuukuu zilizotoka Marekani huwa na swichi nyekundu nyuma. Ikiwa kwenye 115, usiwashe hata mara moja, maana kitakachofuata ni mlipuko na harufu. Na kama mashine haiwaki hata feni, kabla ya kulaumu chochote angalia fyuzi iliyo ndani ya plagi na ujaribu soketi nyingine bila ekstensheni.

Ukiamua kuileta mashine kwa fundi, toa kadi ya grafiki kabla ya kupanda matatu au boda. Kadi nzito ikitingishwa kwenye matuta kutoka Rongai hadi mjini huchomoka, na mara nyingine hupasua sloti. Prosesa usiitoe bila sababu. Ile ya AM4 ina pini 1331 chini yake, na dawa ya kupozea, ile inayopakwa kati ya prosesa na kipoza joto, ikiwa imekauka, ukivuta kipoza joto kwa nguvu prosesa hutoka nayo pini zikapinda. Washa mashine kidogo ipate joto, zima, zungusha kipoza taratibu kulia na kushoto, ndipo uinue. Za Intel pini ziko kwenye bodi. Zitazame kwa tochi ya simu kutoka upande, na ukiona moja haijapangana na wenzake, usiiguse kwa kidole.

Lete na daftari lako. Fundi yeyote mwenye heshima na kazi yake atalisoma kwanza.

Picha ikishatokea, usifunge kasha bado. Ingia BIOS, hakikisha RAM yote imehesabiwa, kisha kaa dakika tano ukitazama joto la prosesa. Likipanda kupita digrii 80 ukiwa hapo hapo hufanyi kitu, zima mara moja na utoe kipoza joto. Nimeshakuta mara nyingi kile kikaratasi cha plastiki cha kukinga bado kimebandikwa chini yake.