Roboti ya kupigana ya gramu 150: ijue kutembea kabla ya kupiga

Gramu 150 ni uzito wa kipande cha sabuni ya kuogea. Ndani ya uzito huo inabidi zienee mota, betri, risiva (kifaa cha kupokea amri za rimoti), magurudumu na mwili wa kuhimili kipigo, na roboti nzima iingie kwenye kisanduku cha inchi nne kila upande, yaani milimita 101.6. Hii ndiyo daraja ambayo Waingereza wanaiita antweight, uzito wa sisimizi. Namshauri kila anayeanza aingie hapa, kwa sababu ukikosea unakosea kwa bei ya mota mbili, si kwa bei ya pikipiki.

Tahadhari kabla hujatoa pesa. Marekani jina hilohilo la antweight maana yake ni pauni moja, gramu 454, na hii ya gramu 150 wao wanaiita fairyweight. Ukinunua seti ya vipuri kwa kusoma jina tu, unaweza kuletewa mota ambazo peke yake zimekula nusu ya uzito wako. Soma gramu, jina achana nalo.

Pambano la kawaida ni dakika tatu, na roboti isiyoweza kujisogeza huhesabiwa sekunde kumi, basi, imeshindwa. Roboti za wanaoanza mara chache huuawa na adui. Nyingi hujiua zenyewe. Waya umenyofoka, gurudumu limechomoka kwenye shafti, plagi ya betri imeachia baada ya kugonga ukuta mara mbili. Kwa hiyo roboti ya kwanza isiwe na silaha inayozunguka. Iwe kabari: kisanduku cha plastiki chenye magurudumu mawili, mbele bati la mteremko la kumwingia mwenzake chini ya tumbo na kumsukumia kwenye shimo la uwanjani. Watu huidharau, lakini kabari inayotii rimoti humshinda mwenye panga la kutisha ambalo limezima sekunde ya ishirini.

Mizani kwanza

Tafuta mizani ndogo ya kidijitali, ile wanayotumia masonara, inayosoma desimali moja ya gramu. Pima kila kitu kabla hujakata chochote. Hesabu ya kabari huwa hivi: mota mbili za N20 (aina ya mota ndogo) zenye giaboksi, gramu 10 kila moja, magurudumu mawili, 12, betri ya LiPo (lithiamu-polima) ya seli mbili yenye ujazo wa mAh 200 hivi, 14, kidhibiti mwendo cha mota mbili (dukani kimeandikwa ESC), 5, risiva iliyovuliwa ganda, 3, nyaya, swichi na taa, 8, skrubu, 6. Skrubu ndizo kila mtu husahau. Jumla ni 68, na mwili bado hujaugusa.

Mwili mzuri wa bei rahisi ni kibao cha plastiki cha kukatia mboga. Ni poliethilini nzito, inanepa badala ya kupasuka, na msumeno wa kawaida unaikata. Kwa unene wa milimita 4, sakafu ya 95 kwa 60, kuta mbili za pembeni za 60 kwa 25 na ukuta wa nyuma wa 95 kwa 25 zinakuja gramu 42. Mfuniko wa polikaboneti wa milimita 1, gramu 7. Kabari ya bati la chuma la milimita 1, upana 95 na urefu 40, gramu 30. Jumlisha na zile 68: gramu 147. Umebaki na tatu.

Sasa tazama jinsi uzito unavyoponyoka. Ukikosa kibao cha milimita 4 ukachukua cha 5, mwili unapanda kutoka 42 hadi karibu 53, umeshazidi. Ukiona bati la milimita 1 ni jepesi ukaweka la 1.5, kabari peke yake ni gramu 45, umezidi tena. Ukizidi, usikimbilie kupunguza kabari. Toboa matundu kwenye sakafu mahali pasipobeba kitu, fupisha nyaya, na mahali penye skrubu nne uliza kama mbili hazitoshi.

Plastiki ya kibao haishiki gundi. Supaglu itakaa juu yake kama maziwa yaliyokauka na utaibandua kwa ukucha. Funga kwa skrubu za milimita 2 zenye urefu wa 10, na utoboe kwanza tundu la mwongozo la milimita 1.5, la sivyo ukingo utavimba na skrubu italegea. Mwenye printa ya 3D atumie plastiki ya PETG kwa mwili, au TPU kwa kuta za nje kwa sababu inadunda kama mpira. Plastiki ya PLA ni ngumu lakini ikipigwa hupasuka vipande.

Kabari inahitaji jioni nzima na tupa. Ikate, ikunje kwenye jiliwa, kisha ipige tupa upande wa chini mpaka ukingo ulale sawasawa na sakafu kwa pembe ileile itakayofungwa nayo. Weka roboti juu ya kioo na jaribu kupenyeza kipande cha karatasi chini ya ukingo, kuanzia kushoto hadi kulia. Mahali karatasi inapopita, ndipo na kabari ya mwenzako itakapopita. Mara nyingi utakuta pembe moja imenyanyuka nusu milimita. Hiyo nusu ndiyo huamua nani yuko juu ya nani. Afadhali uifunge kwa bawaba inayocheza kidogo, ijiburute chini kwa uzito wake yenyewe, kuliko kuikaza kwa skrubu ukategemea sakafu ya uwanja iwe tambarare.

Mota na magurudumu

N20 ziko za kila namna kwa umbo lilelile, kwa hiyo angalia mizunguko, usiangalie picha. Inayoandikwa 500 kwa dakika kwenye volti 6 itafika 600 na kitu kwenye volti 7.4 za betri ya seli mbili. Ukiipa gurudumu la kipenyo cha milimita 32, roboti inakwenda takriban mita moja kwa sekunde. Hiyo inatosha. Anayeanza akiweka mota za mwendo mara mbili ya huo hujitumbukiza shimoni mwenyewe.

Gurudumu la milimita 32 kwenye mwili wenye kimo cha 25 linachungulia juu na chini. Ukipinduliwa, bado unatembea. Kumbuka tu kwamba ukiwa chali, mbele na nyuma vitageuka, na hilo linahitaji mazoezi yake.

Mota zilale mgongo kwa mgongo, zishikwe na vibanio vya plastiki. Ukikaza kibanio kupita kiasi unabana giaboksi, mota inakuwa nzito bila wewe kujua na inakula betri. Kama unatumia yale matundu mawili madogo ya usoni, skrubu ni za milimita 1.6, na ikiwa ndefu kupita kiasi itaingia hadi kwenye meno ya gia. Mota ikigoma ghafla mara tu baada ya kuifunga, legeza skrubu hizo kabla ya kumlaumu muuzaji. Magurudumu yawe ya sponji au mpira laini. Gurudumu gumu hupeleka kipigo chote kwenye gia, na meno ya gia hizi ni madogo kama ya kitana.

Umeme, ambako wengi hufia

Mpangilio ni mfupi: betri, plagi au swichi inayofikika kutoka nje, kidhibiti mwendo, mota. Kidhibiti kingi huwa na njia ya volti 5 ya kulisha risiva. Hakikisha chako kinayo. Kibebe mkondo wa mota ikiwa imekwama, si ikiwa inazunguka bure. N20 iliyokwama inaweza kuvuta ampea moja na zaidi. Nyaya, solda, swichi na taa utazikuta Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, bila shida.

Tumia waya wa nyuzi nyingi wenye ganda la silikoni. Ule wa uzi mmoja ukitikiswa dakika tatu hukatika pale pale solda inapoishia. Vibati vya nyuma ya N20 ni laini na hunyofoka, kwa hiyo usisolde ukaacha waya uning'inie: weka tone la gundi ya moto juu ya kiungo, kisha ulaze waya kwenye mwili. Plagi zote zinazoingia kwenye risiva nazo zipate tone hilo. Si kazi ya urembo, lakini haiachii.

Kabla ya kuunganisha betri mara ya kwanza, pima chanya na hasi kwa mita ya umeme. Ukigeuza, kidhibiti kinakufa papo hapo. Kisha chukua balbu ya indiketa ya gari, volti 12 wati 21, uipitishe katikati ya waya chanya wa betri. Kama kuna mahali nyaya zimegusana, balbu itawaka badala ya kidhibiti kutoa moshi. Ikikaa kimya na taa ya risiva ikawaka, toa balbu uunganishe moja kwa moja.

Halafu kuna lile jaribio ambalo wakaguzi watakufanyia kabla ya kukuruhusu uwanjani. Inua roboti magurudumu yakiwa hewani, endesha mbele, kisha zima rimoti. Kila kitu lazima kisimame. Kikiendelea kuzunguka, risiva yako imewekwa ikumbuke amri ya mwisho. Rudi kwenye mipangilio uiweke upya. Na roboti ikitambaa yenyewe bila kuguswa, rekebisha sifuri ya vijiti kwenye rimoti, usiipeleke hivyo ukidhani utaizoea.

Betri ya LiPo haitaki utani. Seli ikijaa ni volti 4.2, kwa hiyo seli mbili ni 8.4. Isishuke chini ya 3.3 kwa seli, na ya kuweka kabatini ibaki kwenye 3.8. Chaji kwa mkondo usiozidi ujazo wake: ya mAh 200 ichajiwe kwa ampea 0.2, ambayo ni kama saa moja, kwa chaja inayosawazisha seli. Ichajie juu ya vigae au kwenye chombo cha udongo, ukiwa hapo. Ndani ya roboti izungushie sponji, na uangalie kama kuna ncha ya skrubu inayoielekea. Ncha hiyo ikiingia kwenye betri, ni moto. Iliyovimba haina dawa. Ukisafiri kwa ndege kwenda mashindanoni, betri za akiba huwekwa kwenye mkoba wa mkononi, ncha zake za chanya na hasi zikiwa zimefunikwa kwa tepu, si kwenye begi la mizigo.

Ukitaka silaha

Subiri hadi roboti yako imalize mapambano kadhaa bila kuzima. Diski ya milimita 50 ikizunguka mara 12,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda kilomita 113 kwa saa. Hata kama ni gramu 20 tu, hicho si kitu cha kujaribia mezani. Tengeneza kasha la polikaboneti (akriliki hapana, inavunjika kama kioo), vaa miwani, na uwe na pini ya kufungia silaha ambayo haitolewi mpaka roboti imo ndani.

Wengi wanadhani kasi ikizidi ndivyo kipigo kinavyozidi. Fanya hesabu. Mizunguko 12,000 kwa dakika ni 200 kwa sekunde. Diski ya meno mawili inapitisha jino mara 400 kwa sekunde. Ukimjia adui kwa mita moja kwa sekunde, kati ya jino na jino umesogea milimita 2.5 tu, basi jino linamgusa milimita 2.5 na mara nyingi linaishia kumkwaruza. Toa jino moja, usawazishe uzito upande wa pili, na kina kinakuwa milimita 5 kwa kasi ileile. Ndiyo maana utaona silaha za jino moja mikononi mwa wanaojua.

Mazoezi hayahitaji uwanja. Panga vikombe vitano vya plastiki kwenye sakafu ya saruji, uvizunguke mbele na nyuma, kisha uigeuze roboti chali ufanye tena. Betri moja ni kama dakika kumi za mazoezi. Betri tatu kila siku kwa wiki moja zitakusaidia kuliko titani yoyote utakayoagiza.

Siku yenyewe beba betri tatu, mota mbili za akiba zilizokwisha kusoldewa nyaya, magurudumu, bisibisi inayolingana na skrubu zako zote (chagua aina moja ya kichwa tangu mwanzo), na kitambaa kibichi. Vumbi likishika mpira, kabari kali haina msaada, itateleza tu. Futa magurudumu kabla ya kila pambano, vuta kila waya taratibu kwa vidole, kaza skrubu za vibanio vya mota, badilisha betri hata kama inaonekana ina chaji. Kisha endesha sentimita chache mezani, mbele na nyuma, ndipo uende kuitikia jina lako.