Maswali ya Wasomaji: Bili Imepanda, Maji Yamekwenda Wapi?

Barua nyingi za safari hii zinalalamikia bili za maji. Tumechagua sita ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

SWALI: Tuko watu watano, hatujaongeza mtu na hatuna bustani. Mwezi uliopita bili ilikuwa uniti 14, safari hii ni uniti 41. Nimekagua koki zote, hakuna inayovuja. Nianzie wapi?

Anzia kwenye karatasi ya bili. Angalia usomaji wa awali na wa sasa, tarehe za usomaji huo, na kama mita ilisomwa kweli au yalifanywa makadirio. Bili ya siku 38 haiwezi kulingana na ya siku 28. Tena, kama miezi mitatu iliyopita ulikadiriwa chini, siku mita inaposomwa kweli yale yote yaliyobaki nyuma yanakuangukia kwa mkupuo. Hapo hakuna uvujaji, ila una haki ya kudai jambo moja: penye bei za ngazi, ambapo uniti za juu hutozwa zaidi, uniti za miezi mitatu zisihesabiwe kana kwamba umezitumia mwezi mmoja. Omba zigawanywe kwa miezi yake. Tofauti ya pesa huwa kubwa.

Kisha nenda kwenye mita yenyewe. Kwenye mita nyingi za majumbani, tarakimu nyeusi ni uniti kamili, na uniti 1 ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000. Nyekundu ni vipande vya uniti: ya kwanza huhesabu lita mia mia, ya pili lita kumi kumi, ya tatu lita moja moja. Ukikuta mita bado haijafika hata namba iliyoandikwa kwenye bili, umesomewa vibaya na kazi yako imekwisha: piga picha inayoonyesha tarakimu pamoja na namba ya mita, upeleke malalamiko. Hakikisha pia namba ya mita inafanana na iliyo kwenye bili. Mita mbili zikikaa kwenye shimo moja, ni rahisi wewe kulipia za jirani. Fungua koki yako moja, uone ni mita ipi inayozunguka.

Ikiwa usomaji ni sahihi, piga hesabu kabla ya kumwita fundi bomba. Ongezeko lako ni uniti 27, yaani lita 27,000. Kwa siku 30 ni lita 900 kwa siku, karibu lita 37 kila saa, usiku na mchana. Hesabu hii inakuonyesha wa kumshuku. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza takriban lita 20 hadi 30 kwa siku, kwa hiyo hata ungekuwa nazo kumi zisingefikisha kiasi hicho. Upotevu wa lita 900 ni mkondo mwembamba usiokatika, na mkondo wa namna hiyo ndani ya nyumba hujificha sehemu tatu: chooni, kwenye tangi, au kwenye bomba lililofukiwa.

Sasa jaribu mita. Funga koki zote. Kama kuna tangi, liache lijae kwanza kisha funga valvu inayolilisha, la sivyo utaona mita inazunguka ukadhani ni uvujaji kumbe ni tangi linajijaza. Tazama kile kigurudumu kidogo, mara nyingi chenye umbo la nyota au pembetatu. Kikitembea hata polepole, kuna maji yanayopita. Kikionekana kimesimama usiridhike bado. Andika tarakimu zote na nyekundu zake, kaeni saa mbili bila mtu kugusa maji, usome tena. Kwa kiwango chako unatarajia kukuta zimepita lita 70 hivi.

Mita ikitembea, funga valvu kuu ya kuingilia nyumbani. Ikiendelea, maji yanapotelea kati ya mita na nyumba. Ikisimama, tatizo liko ndani, na hapo unafunga valvu ya choo kimoja baada ya kingine mpaka mita itulie. Tahadhari moja: valvu ya geti (ile ya kufunga kwa kuzungusha gurudumu) ikizeeka mara nyingi haifungi sawasawa. Ifunge, fungua koki ya jikoni, subiri maji ya kwenye bomba yaishe. Yakiendelea kuchuruzika, valvu hiyo haiaminiki na jaribio lote litakupotosha.

Bomba la ardhini huacha dalili: sehemu moja ya ua yenye majani mabichi wakati kwingine kumekauka, sakafu isiyokauka, rangi ya ukuta inayobabuka karibu na chini. Usiku kukiwa kimya, bana ncha ya bisibisi ndefu kwenye bomba la chuma, weka sikio kwenye mpini. Uvujaji husikika kama mvumo mfululizo. Mabomba ya plastiki husafirisha sauti vibaya, kwa hiyo kutosikia kitu humo si ushahidi. Fundi atakapochimba, mwelekeze kwenye viungo kwanza. Bomba la PVC huachia pale lilipogundishwa bila kusafishwa, la PPR (plastiki inayounganishwa kwa joto) pale lilipochomwa bila kupata joto la kutosha, na la chuma huoza kwenye nyuzi za kuunganishia.

SWALI: Fundi amesema choo kinavuja, lakini sioni tone hata moja sakafuni. Anataka kubadilisha vifaa vyote vya ndani ya tangi la choo. Je, ni lazima?

Choo kinaweza kuvuja bila kulowesha sakafu, kwa sababu maji hupita ndani kwa ndani kuelekea kwenye bakuli na kwenda zake. Kwa siku yanaweza kupotea mamia ya lita. Kubadilisha kila kitu huenda kusihitajike, na kujua kifaa kibovu ni kazi ya nusu saa.

Fungua mfuniko wa tangi la choo. Katikati kuna bomba lililosimama wima la kumwagia ziada. Maji yanatakiwa yakome sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wake. Yakiwa yanaufikia na kuingia ndani yake, mpira wa chini, unaozibia maji yasishuke kwenye bakuli, hauna kosa: kosa ni la boya, au valvu ya kuingizia maji haikati. Teremsha boya kwa skrubu au klipu yake. Ukiliinua kwa mkono mpaka juu na maji bado yakaendelea kuingia, valvu imechakaa au imeingia mchanga. Ifungue, suuza, angalia kimpira chake kidogo, na ubadilishe kilichokatika.

Maji yakiwa chini ya mdomo huo, weka alama ya penseli ukutani mwa tangi mahali yalipokomea, funga koki ya pembeni ya choo, tia matone ya rangi ya chakula, usivute kwa dakika 30. Rangi ikitokea kwenye bakuli na maji yakashuka chini ya alama, mpira wa kuzibia chini ndio haukai vizuri. Sababu zake ni chache. Mnyororo ukiwa mfupi mno unauninginiza mpira. Ukiwa mrefu mno unajikunja na kunasa chini yake. Acha ulegevu wa sentimita 1 hivi. Magadi yakiganda kwenye kiti unapokalia mpira, yapanguse kwa msasa laini. Mpira uliovimba, uliopinda au unaokuachia weusi vidoleni ni wa kutupa. Kununua mpya, nenda na ule wa zamani mkononi, maana vipenyo vyake hutofautiana.

Na tunawasihi wanaotumbukiza vidonge vya klorini ndani ya tangi la choo waache. Vinakula mpira, na huo mpya hautadumu.

SWALI: Nina tangi la lita 1,000 na pampu. Nimefanya jaribio la mita, haitembei kabisa tangi likiwa limefungwa, lakini matumizi ni makubwa. Nimekosea wapi?

Hukukosea. Ukifunga valvu ya tangi, mita huona bomba la kabla ya tangi tu, na upotevu wako uko mbele ya hapo. Anza kwa kusikiliza pampu wakati hakuna anayetumia maji. Ikijiwasha yenyewe kila baada ya dakika chache, basi presha inashuka mahali fulani ndani ya nyumba, au valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma haishiki. Kuzitofautisha, funga valvu iliyo baada ya pampu. Ikiendelea kujiwasha, kosa liko upande wa pampu.

Halafu pima tangi lenyewe. Usiku funga maji yanayoingia, zima pampu, funga na valvu ya kutokea. Tumbukiza kijiti safi kilichonyooka hadi chini, weka alama ya kina, na asubuhi urudie. Tangi la duara lenye kipenyo cha mita 1 hubeba karibu lita 8 kwa kila sentimita 1 ya kina. Likishuka sentimita 5, lita 40 zimepotelea kwenye tangi au viungio vyake. Usiku unaofuata acha valvu ya kutokea wazi, pampu ikiwa imezimwa. Likishuka zaidi ya mara ya kwanza, tofauti hiyo imepotelea kwenye mabomba na vyoo. Kama nyumba haipati maji mpaka pampu ifanye kazi, iache imewashwa.

Usisahau bomba la kumwagia ziada juu ya tangi. Boya lililotoboka huingia maji na kuzama, valvu haifungi tena, na tangi linamwagika usiku presha inapopanda huku wote mmelala. Mchirizi wa ukungu wa kijani au alama ya maji ukutani chini ya bomba hilo ni ushahidi tosha. Kama kuna hita ya maji, chungulia na valvu yake ya usalama. Matone machache inapopasha ni kawaida, kuchuruzika mfululizo si kawaida. Usiizibe kamwe, inazuia hita isipasuke. Badilisha valvu, na upime presha ya nyumba.

SWALI: Kwetu maji ni ya mgao. Yanaporudi mita inazunguka kwa kasi huku koki ikitoa upepo. Nalipia upepo?

Sehemu ndogo, ndiyo. Gurudumu la mita ya kawaida halijui kutofautisha hewa na maji, linazungushwa na chochote kinachopita. Lakini pima kabla ya kuilaumu hewa kwa bili nzima. Bomba la nusu inchi lenye urefu wa mita 100 lina nafasi ya lita 18 hivi tu. Hewa nyingi zaidi hutoka kwenye bomba kubwa la mtaa, na walio mwisho wa laini au kilimani ndio wanaoumia. Soma tarakimu nyekundu maji yakiwa yamekatika, na tena yakianza kutoka bila mapovu. Ukikuta lita 50 kila mara, na mgao ni mara nane kwa mwezi, jumla ni lita 400, chini ya nusu uniti. Kwa kinga, funga valvu ya baada ya mita maji yanapokatika, na uifungue taratibu presha ikishatulia.

SWALI: Nahisi mita imeharibika na inanipunja. Nitajuaje?

Chukua ndoo, uipime kwa mizani: uzito wa maji ya lita 20 ni kilo 20. Weka alama hapo, kwani ndoo nyingi zinazoitwa za lita 20 hubeba zaidi zikijaa hadi ukingoni. Jaza mara kumi kwa koki iliyo moja kwa moja kwenye laini ya mita, si ya kwenye tangi, bila maji mengine kutumika. Mita inapaswa kusonga lita 200. Kwa mita mpya za daraja la 2 la usahihi, kosa linaloruhusiwa ni asilimia 2 kwenye mtiririko wa kawaida na asilimia 5 kwenye mtiririko mdogo. Kwa kuwa ndoo nayo ina kosa lake, dai upimaji rasmi ukipata zaidi ya lita 210, na uulize kwanza nani atalipa gharama mita ikikutwa nzima. Mita za panga, yaani zenye gurudumu linalozungushwa na maji, zinapochakaa kwa kawaida huzembea, zinahesabu pungufu. Ndiyo maana wengi hupandishiwa bili baada ya kuwekewa mpya.

SWALI: Nyumba yetu ya wapangaji ina mita kubwa moja na mita ndogo sita. Mita ndogo zote zimesoma jumla uniti 52, kubwa imesoma 61. Mwenye nyumba anatugawia hizo 9. Ni haki?

Kwanza zisomwe zote siku moja, saa moja. Mita kubwa ikisomwa tarehe 1 na ndogo tarehe 27, tofauti haina maana yoyote. Asilimia chache za tofauti hazikosekani kati ya mita na mita, ila 9 kwa 61 ni karibu asilimia 15, hiyo ni nyingi. Fungeni valvu za mita ndogo zote sita na mtazame kubwa. Ikitembea, kuna bomba la pamoja linalovuja, au koki ya uani isiyo na mita, au mtu amejiunganishia. Isipotembea, ifanyieni kila mita ndogo jaribio la ndoo la swali lililotangulia, mara moja kwa koki wazi na mara moja kwa mkondo mdogo, maana mita ndogo iliyochoka haihesabu maji yanayopita polepole.

Maji ya koki ya uani mnayotumia wote, gawaneni. Yanayovuja kwenye bomba la kabla ya mita ndogo ni ya mwenye nyumba, kwa kuwa yeye ndiye mwenye bomba na mwenye uwezo wa kulitengeneza. Kuna na hili la ngazi za bei: kaya sita kwenye akaunti moja hufika ngazi ya juu haraka, hata kama kila kaya inatumia kidogo. Mwenye nyumba aombe akaunti sita, au aulize kama kuna utaratibu wa bei kwa jengo lenye kaya nyingi, akiwa na picha za mita zote saba za tarehe moja.