Kabla hujawasha ampu ya valvu, jua boksi lako la spika lina omu ngapi

Ukishanusa transfoma inayoungua, hutaisahau. Haifanani na waya wa pasi wala plastiki ya soketi. Ni harufu nzito ya vanishi iliyochanganyika na nta, na inakaa puani hadi kesho yake. Mimi, mpiga besi, niliinusa kwenye harusi moja Sinza, saa nne usiku, sebene limekolea na maharusi ndiyo kwanza wameingia kucheza na wazazi wao.

Ampu yenyewe ni Fender Bassman 100 ya miaka ya 1970, ile ya kichwa peke yake, spika unajitafutia. Ina valvu nne, zile taa za kioo zinazokuza sauti, za aina ya 6L6 upande wa nguvu, wati 100, na spika inayotaka ni ya omu 4. Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi spika inavyouzuia umeme. Mjomba aliniletea kutoka Marekani ndani ya kontena, katikati ya friji na magodoro. Inatumia volti 120, kwa hiyo nikanunua transfoma ya kushushia umeme, nikajiona nimemaliza kazi. Kumbe umeme wa ukutani ndiyo ulikuwa sehemu rahisi.

Usiku ule nilisahau waya wa spika nyumbani. Nikachukua waya wa gitaa, nikachomeka. Vichwa vya jeki ni vilevile, vinaingia bila kugoma, na ndiyo maana kosa hili hufanywa na watu wenye akili zao timamu. Ndani ya waya wa gitaa kuna kiini chembamba kama uzi wa kushonea, kimezungushiwa wavu wa shaba. Kazi yake ni kubeba umeme kiduchu unaotoka kwenye pikapu, ile sumaku iliyo chini ya nyuzi za gitaa. Wati 100 kwenye omu 4 ni ampea 5, umeme ambao waya ule haukutengenezwa kuubeba.

Wimbo wa nne sauti ikaanza kukatika na kurudi. Nikafanya kile ambacho kila mpiga besi hufanya: nikaongeza. Ikakatika moja kwa moja. Nikazipiga nyuzi kwa nguvu zaidi nisikie kama bado ipo. Nilipochungulia nyuma nikaona cheche ya buluu ndani ya valvu moja, kisha harufu, kisha fyuzi. Bendi ikamalizia wimbo bila besi. Mpiga kinanda akajaribu kunifichia aibu kwa mkono wa kushoto.

Jumatatu nikaipeleka kwa fundi mmoja Kariakoo, mzee wa redio za valvu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Uliiwasha bila spika?"

"Hapana mzee, spika ilikuwepo."

Akaomba waya nilioutumia. Akashika ncha mbili kwa mita, akasubiri mlio. Kimya. "Ilikuwepo kwa macho tu, mwanangu," akasema.

Aliyonieleza siku ile ndiyo ningependa mtu angenieleza mapema. Ampu ya transista ikikosa spika haidhuriki, inakaa tu. Inachoogopa ni omu kuwa ndogo mno. Ya valvu ni kinyume. Valvu inataka kuona mbele yake ukinzani wa maelfu ya omu, na spika ina omu chache za kuhesabika kwa vidole. Katikati yao anakaa dalali, yaani transfoma ya spika. Transfoma yenye mizunguko 22 upande wa valvu kwa kila mzunguko 1 upande wa spika huifanya spika ya omu 8 ionekane na valvu kama omu 3,900 hivi, kwa sababu hesabu ni 22 mara 22 mara 8. Ukiweka spika ya omu 4 mahali pa ile ya 8, valvu inaona nusu yake. Ukiondoa spika kabisa, dalali amebaki na mzigo mkononi bila mnunuzi. Nguvu inayojaa kwenye chuma cha transfoma haina pa kwenda, volti zinaruka hadi maelfu, na zinatafuta njia popote: kwenye soketi ya valvu, au kupitia vanishi inayotenganisha mizunguko ya shaba. Mimi zilipita kwenye vyote viwili.

Waliotengeneza Fender za zamani walilijua hilo. Jeki kuu ya spika, ikiwa tupu, hujifunga yenyewe na kugusanisha pande zote mbili, kwa kuwa kwa ampu ya valvu shoti ya muda mfupi ina nafuu kuliko pengo. Lakini kinga hiyo inafanya kazi jeki ikiwa tupu. Yangu ilikuwa imechomekwa vizuri kabisa, waya ukawa umekatika ndani, ampu haikuwa na namna ya kujua. Na kwa sababu ya kinga hiyohiyo, ukichomeka boksi kwenye tundu la pili na la kwanza ukaliacha wazi, ampu itakuwa na shoti na hutasikia kitu cha maana. Nimewahi kuona mtu akifungua spika zote akitafuta ubovu, kumbe ni tundu.

Kuisuka upya transfoma kulichukua siku tano na laki mbili na themanini, valvu mbili juu yake. Nilichokifanya siku niliyoichukua ni kununua waya laini wa nyuzi mbili wa milimita za mraba 1.5 kwenye duka la vifaa vya umeme, nikauchomea jeki kubwa kila upande, nikaukata mita mbili tu. Nikaufunga kwenye mkono wa ampu kwa kamba ya kiatu. Haujawahi kutoka hapo.

Tuje kwenye omu zenyewe. Boksi moja la omu 8 ni 8. Mawili ya omu 8 yakiunganishwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, na matundu mawili ya nyuma ya ampu nyingi ni sambamba, ni 4. Mawili ya omu 4 ni 2. Moja la 8 na moja la 4 ni 2.67, na hapo lile la 4 linakula umeme mara mbili ya mwenzake, kwa hiyo unasikia moja linanguruma na jingine linasindikiza. Ampu yangu inataka 4, basi nilinunua maboksi mawili ya omu 8. Ningenunua moja la 4 ningekuwa sawa siku hiyo, lakini nikitaka kuongeza la pili ningeshuka hadi 2.

Je, ukikosa kabisa? Fender za aina hii zina uvumilivu: nusu au mara mbili ya omu inayotakiwa zinabeba, ila nguvu inapungua. Ukishuka, umeme unaopita kwenye valvu unaongezeka na zinachakaa haraka. Ukipanda, volti kwenye transfoma zinapanda. Mimi kwa dharura napanda hatua moja, nikicheza kwa sauti ya wastani. Siendi hatua mbili. Na si kila ampu ina moyo huo, kwa hiyo kama yako ina swichi ya kuchagua omu, iweke panapostahili kabla ya kuwasha, usiizungushe sauti ikiwa inatoka.

Sasa, omu zilizoandikwa kwenye boksi usiziamini. Maboksi ya mjini yamepita mikononi mwa mafundi wengi. Niliuziwa moja la spika nne za inchi 10, kibandiko kinasema 8. Nikaweka mita: 5 na kidogo. Spika ya omu 8 kwa kawaida husoma 6 au 7 kwenye mita, kwa sababu mita hupima shaba iliyolala na spika ikicheza hupanda. Ya 4 husoma kama 3.3. Kwa hiyo 5 na kidogo haikuwa 8 wala 4. Nikafungua skrubu zote. Spika tatu zilikuwa ndugu, ya nne ilikuwa ya redio ya gari, omu 4, imepakwa rangi nyeusi ifanane na wenzake. Aliyeipaka rangi alikuwa na kipaji, alipotea njia tu.

Ukiwa umelifungua boksi, chukua betri ya saa ya ukutani, ile ya volti 1.5. Gusisha chanya ya betri kwenye chanya ya spika ya kwanza na hasi kwenye hasi, kwa sekunde moja tu, uangalie karatasi ya spika. Itaruka nje au itazama ndani. Fanya kwa zote. Muhimu ni zote ziende upande mmoja. Spika moja ikiwa imegeuzwa waya, yenyewe inavuta hewa wakati jirani yake anasukuma, na noti za chini zinafutana. Utaongeza besi kwenye ampu hadi mwisho na bado mtu wa mbele atasema besi haina tumbo. Hilo la betri limeniokoa mara nyingi kuliko kifaa chochote cha bei.

Kuhusu wati nitasema machache, kwa sababu maneno ya wati ni mengi kuliko wati zenyewe. Ampu ya valvu ya wati 100 ikisukumwa hadi ikaanza kukwaruza inatoa zaidi ya 100, inaweza kukaribia mara mbili. Kwa hiyo natafuta maboksi ambayo jumla yake inabeba 200 za kweli. Nasema za kweli kwa kuwa kuna spika zinauzwa na kibandiko cha wati 1,000 ambazo sumaku yake ni ndogo kuliko kifuniko cha sufuria ya chai. Inyanyue. Spika ya kazi ina uzito.

Namba ninayoijali zaidi ni desibeli, yaani ukubwa wa sauti ambao boksi linatoa kwa wati 1 kwa umbali wa mita 1. Boksi la desibeli 100 na boksi la 97 tofauti yake masikioni si kubwa, ila kuifikia ile 100 kwa boksi la 97 unahitaji wati mara mbili. Kwa mtu wa ampu ya valvu, ambaye wati zake ni chache na ghali, boksi lenye desibeli nyingi ni sawa na kupewa ampu ya pili bure.

Umbo la boksi nalo lina maneno. Uzi wa mi wa besi unatikisika mara 41 kwa sekunde, na wa tano kwa wenye besi ya nyuzi tano mara 31. Boksi lenye tundu la hewa linasaidia sana juu ya kiwango fulani, chini yake karatasi inapepea bila breki. Ampu ya valvu haina mkono mgumu wa kuishika spika kama ya transista, kwa hiyo ndani ya boksi kubwa lenye tundu besi inalegea kama mkanda wa suruali ya kurithi. Mimi nimetulia na maboksi yaliyozibwa kabisa. Pengine ni masikio yangu tu, ila watengeneza ampu Ampeg walipotoa SVT yao mwaka 1969, wati 300 za valvu, walifikiri hivyohivyo: spika nane za inchi 10 ndani ya boksi lililozibwa, kila moja omu 32, zote sambamba, jumla omu 4. Boksi hilo peke yake lilikadiriwa kubeba wati 240, ndiyo maana walitaka mnunuzi aweke mawili. Rolling Stones walizunguka nazo Marekani mwaka huohuo.

Tofauti na hiyo, Bassman ya mwaka 1959, yenye spika nne za inchi 10 na mgongo wazi, ilitengenezwa kwa ajili ya besi lakini wapiga gitaa ndio walioipenda. Kwenye boksi la mgongo wazi, hewa inayosukumwa mbele inakutana na inayovutwa nyuma, na noti za chini ndizo zinazopotea kwanza. Mimi nililijua hili kwa njia ya aibu, nilipoazima boksi la mpiga solo wetu, spika mbili za inchi 12, nikalipigia besi mazoezini. Dakika ishirini. Koili ikawa inagonga chuma, tak, tak, tak, na karatasi moja ikachanika pembeni. Nilimlipa, ila hadi leo nikilisogelea boksi lake anasimama.

Utaratibu wangu wa kuwasha ni huu: boksi kwanza, kisha waya wa gitaa, kisha umeme, valvu zipate moto, ndipo sauti. Kuzima ni kinyume chake, na waya wa spika ni wa mwisho kabisa kuguswa. Usifungue ampu kujitafutia ubovu kama hujafundishwa. Humo ndani mna volti mia kadhaa zinazobaki kwenye kapasita hata baada ya kuchomoa plagi.

Siku hizi maboksi yangu mawili yana spika mbili za inchi 12 kila moja, nimeyaandika 8 kwa maka peni mgongoni, kubwa, mtu asome hata gizani. Yote mawili yanahitaji kirikuu. Moja linaingia kwenye bajaji nikilikumbatia. Kwa hiyo kwenye ubarikio na harusi ndogo naenda na moja, omu 8 kwenye ampu ya omu 4, sauti haivuki saa sita ya kitufe, na bado MC anakuja kunigusa bega nipunguze kidogo, mama mkwe anataka kuongea.