Naomba mtoto miaka yote hii, Mungu kanyamaza

SWALI: Shikamoo mchungaji. Tunaomba mtoto tangu tuoane 2013, tumefunga, tumekesha, na kanisani naambiwa eti imani yangu ndogo. Nimechoka hata kuomba, Mungu kanikataa?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Hajakukataa, na hao wanaokuambia imani yako ndogo wasome 2 Wakorintho 12, Paulo aliomba mara tatu ule mwiba, yaani mateso ya mwilini mwake, utoke na haukutoka, sasa nani atasema Paulo hakuwa na imani? Ukikosa maneno chukua Zaburi ya 88, inaanza na kilio inaishia gizani bila jibu lolote na bado ni sala, imo kwenye Biblia. Mtoto siwezi kukuahidi, ningekudanganya. Ila usilie peke yako, hiyo zaburi muisome na mumeo, na hospitali mwende wote wawili.