Tauni ya Justinian haikuanza 536

Hapana mkuu, unaposema tauni ya Justinian ilianza 536, umechanganya miaka. Tauni hiyo, iliyopewa jina la Justinian, mfalme wa Roma ya Mashariki, ilianza 541, huko Pelusium, bandari ya Misri, ikafika Konstantinopoli, mji wake mkuu, mwaka uliofuata. Mwaka 536 ni ule wa jua kufifia. Procopius, mwanahistoria aliyekuwa akifuatana vitani na Belisarius, jemadari wa Justinian, ameandika kwamba jua liliwaka bila makali, kama mwezi. Cassiodorus naye, ofisa wa serikali huko Italia, alilalamika kuwa adhuhuri watu hawaoni hata vivuli vyao. Hebu fikiria, saa sita mchana na huna kivuli!

Chanzo ni mlipuko wa volkano: salfa yake imekutwa kwenye barafu ya Greenland, na pete za miti (duara za ukuaji wa kila mwaka ndani ya shina) za miaka ile ni nyembamba kwa baridi. Volkano ipi hasa, wataalamu bado wanavutana. Wengine husema ya Iceland, wengine Amerika Kaskazini.

Ila hujakosea kote. Wapo wanaoona baridi na njaa vilidhoofisha watu kabla ya tauni. Hiyo ni hoja tu, tarehe ndizo hazina ubishi. Na vita havikungoja jua: Desemba ya mwaka huohuo wa 536 Belisarius aliingia Roma.