Picha za titi baada ya uvimbe kugandishwa

Shangazi yangu alipata saratani ya titi akiwa Marekani kwa binti yake. Hakupasuliwa, uvimbe uligandishwa kwa sindano ya baridi kali. Sasa yuko Kampala, na mimi ndiye ninayempeleka kupigwa picha. Kama nawe unauguza mtu wa namna hii, hakikisha anayesoma picha anajua kilichofanyika kabla hajaziangalia.

Upasuaji huondoa uvimbe. Baridi huuua na kuuacha palepale, pamoja na nyama yenye afya ya kama sentimita 1 kuuzunguka. Kwa hiyo kwenye mamogramu (picha za eksirei za titi) za mwanzo lile eneo huonekana kubwa kuliko uvimbe ulivyokuwa, na hata mkono hulisikia. Kituo kimoja kilituandikia "uvimbe unaotia shaka", na nyumbani hakuna aliyelala. Kumbe fomu ya kuomba picha haikutaja kugandishwa hata kidogo. Daktari mwingine alipoweka picha za zamani kando ya mpya, aliona eneo linasinyaa.

Kusinyaa ndiko kunakotarajiwa. Mara nyingi huonekana duara la mafuta yaliyokufa lenye ukingo mwembamba, baadaye vifuko vya mafuta au vichembe vya kalsiamu. Ngozi nayo yaweza kuwa nene kwa muda. Kinachonitisha mimi ni eneo linalokua baada ya kupungua, au kinundu kipya ukingoni. Kwenye MRI (picha za mashine ya sumaku) yenye dawa ya mshipani, ukingo mwembamba ulio laini unaweza kuwa wa kupona tu. Ukiwa mnene wenye vinundu, omba kipande kitolewe kikapimwe maabara.

Msikwepe picha kwa kuwa mama anajisikia vizuri. Katika utafiti wa ICE3 wa Marekani, wanawake 194 wa miaka 60 na zaidi, wenye uvimbe usiozidi sentimita 1.5, waligandishwa uvimbe; saratani ilirudi kwenye titi lile lile kwa asilimia 4.3 yao ndani ya miaka 5. Ni wachache, lakini wapo.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake la hospitali andika: titi lipi, sehemu gani, uvimbe ulikuwa na ukubwa gani, uligandishwa lini. Beba CD ya picha zote, za kabla ya tiba pia. Ripoti ya karatasi haitoshi kulinganishia. Na daktari akisema "turudie baada ya miezi 6", muulize anategemea kuona nini wakati huo, kisha mwombe akiandike humo humo.