Nyanya Usiyoijua Asili Yake, Ifanye Mama

Msomaji ameuliza: mche wake wa nyanya una majani ya kawaida yenye meno pembeni, lakini katika ukoo wake imo aina ya nyanya iitwayo Brandywine, ambayo jani lake ni pana na laini pembeni kama la kiazi mviringo. Je, mche huo umebeba jeni ya jani la kiazi? Kuutazama hakutoshi. Kila mche una nakala mbili za jeni hiyo, moja kutoka kwa kila mzazi. Jani la kawaida (C) hutawala na la kiazi (c) hujificha, hivyo CC na Cc huonekana sawa.

Uchavushe kwa mche wenye jani la kiazi, ambao lazima uwe cc. Mche wa mashaka ukiwa CC, watoto wote watatoka na jani la kawaida. Ukiwa Cc, karibu nusu watakuwa na jani la kiazi.

Kitabuni haidhuru yupi awe mama, yaani mche unaopokea chavua na kuzaa tunda; shambani inadhuru sana, kwa sababu nyanya hujichavusha. Mama akiwa cc na ukasahau chavulio moja tu (sehemu ya kiume ya ua itoayo chavua, unga wa njano), utapata miche ya cc aliyoizaa peke yake, kisha umsingizie baba kuwa ni Cc. Basi mche wa mashaka ndio uwe mama. Akiwa CC, hata akijichavusha hawezi kuzaa jani la kiazi.

Fanya kazi asubuhi, kabla jua halijawa kali. Chagua chipukizi la ua litakalofunguka kesho: petali zimeanza kupauka kuelekea njano, sepali (vijani vya kijani vinavyofunika chipukizi) zimeachana kidogo. Kwa kibano kilichofutwa spiriti, ng'oa petali pamoja na bomba la chavulio, usiguse stigma, ncha ya kike inayopokea chavua. Ukiona unga wa njano, umechelewa. Tupa ua hilo. Chukua ua lililofunguka la cc, litikise juu ya kijiko cheusi, kisha chovya stigma kwenye chavua. Rudia kesho yake. Kata sepali mbili ziwe alama, funga uzi, ondoa maua mengine kwenye kichala hicho. Tunda moja lina mbegu za kutosha.

Panda mbegu 20. Cc kutoa miche 7 yote ya kawaida kwa bahati tu ni nafasi 1 kati ya 128. Kwa miche 10 ni 1 kati ya 1,024. Lakini mche mmoja halisi wa jani la kiazi unamaliza ubishi.

Haraka ndiyo huharibu hesabu. Majani ya mwanzo hata ya nyanya ya kawaida huwa na meno machache, kwa hiyo subiri jani la nne au la tano. Wala usipunguze miche dhaifu kabla ya kuihesabu.

Asiye na kibano auache mche ujichavushe; hapo Cc hutoa robo tu ya jani la kiazi, kwa hiyo ahesabu miche 17 yote ya kawaida ndipo apate uhakika wa 99% kuwa si Cc.

Na ukiona robo badala ya nusu, huenda chavulio zilibaki. Jibu halibadiliki: mama ni Cc.